Taa ya Mzee Pita

Barabara ile ina njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na mstari wa katikati umechakaa hivi kwamba mgeni anaweza kudhani mtu alipita na ndoo ya rangi inayovuja. Kwenye tambarare haina shida. Shida iko mlimani, kuanzia darajani mpaka juu kwenye mnara wa simu. Lori lililobeba mawe hupanda pale kwa mwendo wa mtu anayesukuma toroli. Ukilikuta mbele yako, ama ulifuate ukimeza moshi wake, ama ulipite. Na kulipita ndiko kwenye kazi, maana mlima una kona, na aliye kwenye gari dogo haoni kinachoshuka.

Dereva wa lori anaona. Amekaa juu, karibu sawa na mabega ya ukingo uliochimbwa, na macho yake yanavuka kona kabla gari halijafika. Ndiyo maana madereva wa mawe wa barabara ile walikuwa na adabu yao. Indiketa ya kushoto maana yake pita, mbele kweupe. Ya kulia maana yake tulia, kuna kitu kinakuja. Aliyepita alipiga honi mara mbili fupi, pi-pii, na hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Wote walikuwa na adabu hiyo, lakini aliyepewa jina kwa ajili yake ni mmoja. Walimwita Mzee Pita. Miaka ishirini na sita alikuwa akibeba mawe kutoka machimboni kwenda kwenye uwanja wa mjenzi ng'ambo ya mlima, na katika miaka hiyo hakuna aliyepita kwa taa yake akakutana na kitu. Jioni alipofika nyumbani, kabla hajavua viatu, mkewe alimuuliza, "Leo wamekushukuru?"

"Wamenishukuru mpaka masikio yanawasha."

"Basi kula hizo shukrani, chakula bado hakijaiva."

Alicheka. Kwa kweli zile honi zilimshibisha. Kuna watu hufurahia kuitwa mheshimiwa. Yeye alifurahia pi-pii.

Jicho la kulia lilianza kumsumbua wakati wa mvua zilizopita. Mwanzoni alidhani ni kioo. Akakisugua kwa gazeti, akakisugua kwa sabuni, akamgombeza shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa mpakiaji wake tangu zamani na aliyekaa kiti cha kushoto kazi yake kubwa ikiwa ni kulala.

"Kioo umekiosha kwa matope?"

"Kioo kinang'aa kama upara wako, shemeji," alijibu yule bila kufungua macho.

Ndipo siku moja, amesimama kwenye karai akinawa uso, Mzee Pita alifumba jicho la kushoto. Ukuta ukapotea. Mlango ukapotea. Mkewe aliyekuwa akianika nguo hatua tano mbele yake akawa doa jeusi linalotikisika ndani ya maziwa. Akalifumbua haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta asichotaka kukiona, akaurudisha.

Hakumwambia mtu. Bosi wa malori hakuwa na maneno mengi juu ya mambo hayo: asiyeona vizuri akae nyumbani acheze na wajukuu. Na Mzee Pita wajukuu hakuwa nao. Alikuwa na lile lori, na lile jina.

Akajifunza kuendesha kwa jicho moja. Aligeuza shingo kuangalia kioo cha pembeni, alihesabu nguzo za umeme ajue amefika wapi. Njia yake mwenyewe aliijua kama kitanda chake. Kitu ambacho hakukijua tena ni njia ya wenzake, ile ya kulia, wanakotokea wanaoshuka. Na asubuhi, jua likiwa usoni, upande ule wote ulikuwa mweupe, umejaa maziwa, umenyamaza.

Hata hivyo aliendelea kuwasha taa. Mkono ulikuwa umezoea. Gari lilisogea nyuma yake, likasubiri kwa heshima, naye akaona vibaya kuliacha lisubiri.

Gari dogo jeupe lilikuja asubuhi moja, mwendeshaji peke yake. Mzee Pita alitazama mbele. Kweupe. Akawasha kushoto. Gari likatoka, likafika ubavuni mwake, na hapo kutoka kwenye yale maziwa kikatokea kitu kirefu, cheusi, kinachokua. Lilikuwa lori la mafuta. Alikanyaga breki mpaka mawe yakalia nyuma. Gari jeupe likajipenyeza mbele ya bampa yake kama panya anayeingia chini ya mlango, na lori la mafuta likapita na upepo wake, likiacha honi ndefu iliyoshuka nayo bonde zima.

Shemeji aliamka. "Kuna nini?"

"Mtu ana haraka."

Hakukuwa na pi-pii.

Juu, kwenye mnara, ambapo Mzee Pita husimama kupoza injini na kunywa chai kibandani, alilikuta gari jeupe limeegeshwa. Mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, mtu wa makamo mwenye tai. Mzee Pita alishuka polepole. Alijua kinachokuja na alijua anastahili.

Yule mtu akamjia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu, nisamehe. Taa yako niliiona vizuri. Nadhani nilichelewa kukanyaga mafuta. Mawazo yalikuwa mbali. Nimekutia hofu bure."

Mzee Pita alimtazama. Alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pale, wazi, pana kama uwanja wa mpira. Mwenye kibanda alikuwa anasikiliza, shemeji alikuwa anasikiliza.

"Siku nyingine uwe makini, mwanangu," alisema.

Chai ya siku hiyo hakuimaliza. Kilichomtisha hakikuwa lile lori la mafuta. Ni yule mtu. Alikuwa karibu kufa, na bado alilaumu mguu wake kabla ya kuilaumu taa. Mzee Pita akaanza kuwaangalia waliokuwa wakimpita, akaona kitu ambacho hakuwa amekiona miaka yote: hawakutazama mbele. Walitazama taa tu. Ikiwaka kushoto, walitoka, shingo haikunyooka hata kidogo kuchungulia. Yeye ndiye aliyewafundisha kutochungulia.

Toka siku hiyo hakuwasha tena kushoto. Akifika darajani aliwasha kulia, akaiacha iwake mlima mzima. Tulia. Tulia. Tulia. Nyuma yake msururu ukajipanga mpaka bondeni.

Wiki ya kwanza walitulia. Walidhani kweli siku hizi wanashuka wengi. Wiki ya pili wakaanza kunung'unika. Dereva wa basi jekundu, mtu mnene mwenye maneno, alimkuta kwenye kituo cha mafuta.

"Mzee Pita, siku hizi umekuwa askari? Abiria wangu wamezeekea nyuma yako!"

"Barabara imechafuka."

"Barabara au taa yako imeganda? Nimekaa nyuma yako mlima wote, inawaka tu, na aliyeshuka ni mtu na baiskeli yake."

Watu wakacheka. Mzee Pita akacheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa amepewa mlango wa kutokea bila kuuomba. "Labda nyaya zimegusana," alisema.

"Ndiyo useme sasa! Nasi tumekaa kama watoto tuliokatazwa kunyanyuka."

Siku mbili baadaye basi jekundu lilimpita kwenye kona huku taa ya kulia ikiwaka. Halikukutana na kitu. Lilipiga pi-pii, na honi ile ilimwingia Mzee Pita kama maji ya baridi kifuani.

Binti yake alikuja nyumbani mwisho wa juma, kama alivyofanya kila alipopata mapumziko. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya mji wa ng'ambo ya mlima, na ndiye mtoto pekee waliyebaki naye. Alikaa sebuleni, miguu juu ya stuli, akamnyooshea baba yake simu aone picha ya chumba chake kipya. Mzee Pita akageuza kichwa, akakiinamisha, akaitazama kwa upande.

"Baba, mbona unaangalia kama kuku anayetafuta mchwa?"

"Simu zenu zinang'aa mno."

Binti alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Watu wa hospitali wana macho mabaya. "Njoo hapa dirishani nikuone."

"Niache nipumzike, mama. Wiki nzima nimebeba mawe, na leo nibebe na daktari?"

Mama mtu akacheka jikoni. Binti naye akacheka, lakini hakuondoa macho. "Kama ni mtoto wa jicho, ule utando mweupe, baba, huondolewa. Ni kazi ya asubuhi moja. Unakaa mwezi bila kuendesha, basi."

"Mwezi," alisema Mzee Pita, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa miaka.

Yakaishia hapo. Usiku wakala, wakataniana. Ilikuwa kesho yake, binti akikunja nguo zake tayari kwa safari ya Jumatatu, ndipo alipouliza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Halafu baba, ile taa yako ina nini? Yule mwenzangu anayenipa lifti, wa gari la bluu, analalamika. Anasema zamani akifika nyuma yako alikuwa anapumua, siku hizi tunachelewa zamu."

Mkewe aligeuka kumsikiliza. Shemeji, aliyekuja kula, aliacha kutafuna. Mzee Pita aliona nyuso tatu, mbili kwa jicho zima, moja kwa ukungu.

"Nyaya zimegusana," alisema. "Haizimiki. Msiijali."

"Ahaa. Basi nitamwambia."

Alisema hivyo tu, nitamwambia, akaendelea kukunja nguo. Mzee Pita akatoka nje, akasimama karibu na karai, akafumba jicho la kushoto, akatazama yale maziwa kwa muda mrefu.

Akapanga jambo lake kimyakimya. Jumatatu angeondoka mapema. Angekuwa amefika mnarani, ameshuka ng'ambo, kabla gari la bluu halijaja kumchukua binti yake. Na Jumatatu jioni angemwambia bosi. Alijiapiza hivyo, Jumatatu jioni.

Lakini Jumatatu mashine ya kupakia mawe iligoma. Fundi alilala chini yake akitoa mguu mmoja tu, na kila alipoulizwa alijibu, "Dakika tano." Dakika tano zikazaa dakika tano nyingine. Mzee Pita alizunguka lori, akapiga matairi teke, akatazama jua likipanda.

"Shemeji, leo unaharakia nini?" aliuliza shemeji. "Mawe hayaozi."

Walipofika darajani jua lilikuwa limekaa sawasawa juu ya mlima, limewatazama usoni. Mzee Pita akawasha kulia. Akakusanya mwendo, kama ilivyo lazima kwa lori lililojaa, maana ukisimama katikati ya mlima ule na mzigo, huondoki tena. Klachi inanuka na mawe yanakurudisha ulikotoka. Shemeji alikuwa ameshaegemeza kichwa mlangoni, kinywa wazi.

Kwenye nguzo ya nne akasikia honi. Fupi tatu, pi-pi-pi. Ile haikuwa honi ya kuomba njia. Ndivyo binti yake alivyomsalimu tangu aanze kupanda gari lile. Akiwa kiti cha abiria, alinyoosha mkono akabonyeza honi ya mwenzake.

Mzee Pita aligeuza shingo nzima kwenye kioo. Bluu. Nyuma yake nyekundu ya basi. Nyuma ya basi, wengine.

Mbele, maziwa.

Taa ya kulia ilikuwa inalia ndani ya dashibodi, tik, tik, tik, kama saa. Tulia, tulia. Na nyuma kule mtu alikuwa ameshaambiwa na binti yake mwenyewe kwamba taa ile haisemi kitu.

Ukingo wa bluu ukaanza kutoka pembeni ya kioo.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Shemeji, amka! Mbele kuna nini?"

Yule alishtuka, akapangusa kinywa. "Wapi?"

"Mbele! Upande wangu!"

"Kuna jua."

"Nyuma ya jua, wewe! Sioni! Jicho hili halioni!"

Shemeji alimgeukia, na usingizi ukamtoka usoni kama nguo iliyovuliwa. "Tangu lini?"

"Tazama mbele!"

Shemeji akajirusha juu ya dashibodi, akajivuta upande wa usukani mpaka bega lake likamgonga Mzee Pita mbavuni. Kutoka kiti chake cha kushoto ukingo ulikuwa unamziba. Mzee Pita hakumngoja. Alitoa mkono wake wa kulia nje ya dirisha, wote mpaka kwapani, akaupunga juu chini kuwaashiria walio nyuma warudi, akaubamiza mlango, du, du, du. Na kwa mkono mwingine akasogeza usukani kulia kidogo, tairi likakanyaga mstari uliochakaa. Alikuwa anafunga njia kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na hakujua anaifunga mbele ya nini.

"Lori!" shemeji alilia. "La mafuta! Rudi kushoto, rudi, rudi!"

Akavuta usukani. Akaurudisha na mkono ndani. Giza lilipita dirishani kwake, pana, lenye harufu ya dizeli, likapita, likapita, halikuisha, na katikati yake kitu kikapasuka. Mwanga ukarudi. Kioo cha pembeni hakikuwapo. Kulikuwa na chuma kilichopinda na kipande kimoja cha kioo kikining'inia, kinaonyesha anga.

Sasa hakuweza tena kuona nyuma.

"Wako wapi?" aliuliza.

Shemeji alitoa kichwa upande wake. "Vumbi. Lile lori limechota vumbi la ukingo wote. Sioni kitu."

"Umesikia mgongano?"

"Sijui nimesikia nini."

Hakuweza kusimama. Kusimama pale kungekuwa kuwarudishia mawe wote walio nyuma, walio hai na wasio hai. Ilibidi apande. Nguzo ya tano. Nguzo ya sita. Injini ilinguruma na hakuna kilicholia nyuma yake, si honi, si sauti ya mtu. Shemeji alikuwa ananong'ona kitu, huenda dua. Mzee Pita alijikuta anamwona binti yake akikunja nguo, gauni la kazini kwanza, mikono ikiingizwa ndani, kisha likipigwa kofi dogo lilale vizuri. Nitamwambia, alisema. Kwenye nguzo ya kumi taa ilikuwa bado inalia, tik, tik, na hakuizima.

Alifika mnarani. Akasimama, akavuta breki ya mkono, hakushuka.

La kwanza kutokea lilikuwa gari la bluu.

Lilipiga pi-pii. Asante. Mzee Pita aliinamisha paji lake kwenye usukani.

Aliposhuka, dereva wa bluu alikuwa ameshafika mbio, shati limemlowa. "Mzee! Mzee, umetuokoa! Nilishatoka nusu, nikaona mkono wako unacheza, nikarudi nyuma yako. Kosa langu kabisa. Nilijua taa ni mbovu, lakini bado nilipaswa kuchungulia mwenyewe. Nisamehe sana, mzee wangu."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni kwa Mzee Pita. Siku nyingine uwe makini, mwanangu. Yalikuwa matamu, yalikuwa mepesi, na yalikuwa yameshafanya kazi mara moja.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mwenzake. Hakuwa anautazama mkono wa baba yake. Alikuwa anatazama jicho.

"Taa si mbovu," Mzee Pita alisema. "Nyaya hazikugusana."

"Sijakuelewa, mzee."

Binti alielewa. Alikuja mpaka mbele ya baba yake, akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja, taratibu, kama anavyofanya kwa wagonjwa. Akainua mkono mwingine.

"Vidole vingapi, baba?"

"Hata mkono wenyewe siuoni."

Hakumgombeza. Alikiacha kiganja chake juu ya jicho la baba yake. Shemeji alichukua jiwe, akaliweka chini ya tairi la nyuma, kisha akapanda akachomoa ufunguo bila kumuuliza mtu.

Msururu ulikuwa unamalizia mlima sasa. Basi jekundu likapita, dereva wake akatoa kidole gumba dirishani, pi-pii. Likapita lori la mbao, pi-pii. Kila mmoja alimshukuru. Mzee Pita alisimama kando ya barabara akizipokea honi zile moja baada ya moja, amejikunyata kama mtu anayenyeshewa.

Kisha likaja gari dogo jeupe. Alilijua kabla halijafika. Mwenye tai alimwona, akatabasamu, akapiga pi-pii kwa furaha. Mzee Pita akaruka mbele, akapunga mikono yote miwili.

"Simama! We mwanangu, simama kidogo!"

Mtu yule aliinua mkono kumwitikia salamu. Akawasha indiketa, akalipita lori la mbao kwenye mteremko bila kuchungulia, akapotea ng'ambo.

Mzee Pita alikuwa amekimbia hatua kumi. Alisimama katikati ya njia, anahema, mpaka binti yake akaja kumshika mkono amtoe pale.

"Nani yule, baba?"

"Mtu aliyeniomba samahani," alisema.